Ya Kwao au ya Nesi

Mwanamke huyu wote tulimwita Nesi, hata wajukuu zake. Alikuwa amestaafu kabla mimi sijaolewa kuja Mbaga, lakini jina la kazi lilikuwa limemganda, na nadhani mtu angemwita kwa jina lake la ubatizo asingegeuka. Mimi nilitoka Bendera, kule tambarare, kwenye joto na mashamba yaliyolala chini kama mkeka, nikaletwa huku juu kwenye ukungu na migomba iliyopandwa mtelemkoni. Nyumba yetu ilipakana na yake. Wiki ya kwanza mama mkwe aliniambia, "Nesi ni mtu mwema. Ila usimwulize swali kama hutaki jibu."

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vya baridi. Hakujua kubembeleza. Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na ndugu kila siku walimwambia kinakauka, kinakauka. Nesi alipoitwa alikifungua, akakinusa, akasema, "Mguu huu unakatwa. Ukiwahi watakata chini ya goti. Ukichelewa watakata juu." Akafunga bendeji, akaomba maji ya kunawa, akaenda zake. Yule mzee alikatwa chini ya goti. Hakumsemesha Nesi tena, ila Jumamosi alikuwa anakuja na magongo yake kutazama mpira kwake, anaketi pembeni, anakunywa chai yake, anaondoka bila kuaga.

Mimi mwenyewe nilionja. Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa alinipapasa tumbo nikiwa nimesimama jikoni kwake, akasema, "Huyu amekaa vibaya. Kesho panda gari la asubuhi ushuke Same. Usingoje uchungu."

"Nitakuwa salama, Nesi?"

"Ukishuka kesho, huenda."

Nililala na hiyo huenda yake. Nilishuka, nikapasuliwa, nikampata Neema. Niliporudi hakusema si nilikuambia. Alikagua mshono tu, akasema aliyeushona alikuwa na haraka.

Mtu huyohuyo aliogopa kuku. Aliyekuwa akipasua majipu ya watu bila kukunja uso, akiona jogoo amesimama mlangoni alizunguka nyumba. Kanisani aliimba sauti ya pili na hakukosa ibada, na kila Krismasi alipika dengelua, ile pombe ya miwa, ambayo wazee wa kanisa walikuja kuionja mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya amepita tu.

Haya nayataja ili ieleweke kwa nini tulichelewa sana kujua kwamba katika jambo moja Nesi alikuwa mwongo.

Dishi lililetwa na wanawe walioko Dar es Salaam, ili mama asiwe mpweke. Fundi alipanda na pikipiki kutoka Same mjini, akatembea uwanja mzima akitazama juu, akichagua mahali ambapo mti wala paa halikingi. Mimi nilidhani angelielekeza bondeni, kulikokuwa wazi. Akalilaza juu ya banda la mbuzi, likaegemea nyuma kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha uvivu, likitazama karibu utosini kabisa.

Aliyemshikia ngazi alikuwa Mama Mbonea, jirani wa upande wa juu, rafiki wa Nesi tangu zamani. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Mbonea, aliyekuwa dereva wa lori la mizigo la kutoka Dar kwenda Zambia hadi Kongo. Nesi alikuwa mkavu, Mama Mbonea alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kusali.

"Huo mtambo wenyewe uko wapi?" Nesi akamwuliza fundi.

Fundi akanyoosha bisibisi juu. "Pale. Ni mbali, hauonekani. Ndiyo setilaiti."

"Umefungwa na nini?"

"Haujafungwa, mama. Unakwenda pamoja na dunia, mwendo uleule. Ndiyo maana leo na kesho uko palepale, na dishi halihangaiki kugeuka. Wanaurushia picha kutoka chini, wenyewe unazimwaga tena chini. Kwetu, Zambia, Kongo, kusini kote."

Mama Mbonea akaiachia ngazi kidogo. "Zambia pia?"

"Zambia pia."

"Wanaona hayahaya?"

"Saa zao ziko nyuma kidogo ya zetu, lakini picha ni moja, inafika kwao wakati inafika kwako. Mama, shika ngazi."

Siku hiyohiyo Mama Mbonea alimpigia mwanawe. Akaambiwa kwamba pale mpakani, madereva wanapongoja zamu ya kuvuka, kuna nyumba ya wageni yenye runinga, na jioni wanakaa kutazama. Wakakubaliana tamthilia moja. Kuanzia hapo Mama Mbonea hakuja kwa Nesi kutazama runinga kama sisi wengine. Alikuja kukaa na mtoto wake. Alikuwa akiketi karibu na dirisha, na tamthilia ikianza alisema taratibu, "Sasa hivi naye ameketi."

Sebule ya Nesi ilikuwa na sheria. Miguu ifutwe. Watoto mbele, sakafuni. Rimoti ilivalishwa mfuko wa nailoni na ilikaa kwenye mfuko wa aproni yake, hakuna aliyeigusa. Taarifa ya habari ikisomwa, kimya. Kukiwa na msiba kijijini runinga haiwashwi mpaka tanga lianuliwe, hata kama ni fainali. Makande yalipakuliwa kabla ya kuwasha, kwa sababu alisema mtu anayetafuna huku anatazama hajui amekula nini.

Tamthilia ilikuwa ya nchi ya ng'ambo, imetiwa sauti za Kiingereza. Mimi Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinitosha kwa salamu na hali ya hewa. Wengine hawakuwa hata na hicho. Nesi ndiye aliyekijua, maana alifundishwa kazi na masista wa kigeni waliokuwa hawasemi lugha nyingine. Basi aliketi kwenye kiti chake cha mkono, amenyooka, akatutafsiria kwa Chasu, lugha ya Wapare, na Kiswahili kidogo kwa ajili yangu. Chasu changu nilijifunzia hapo. Mpaka leo watu wananicheka, wanasema nazungumza kama mtu wa kwenye tamthilia.

Alitafsiri vizuri mno. Alijua kuigiza sauti ya mama mkwe mkorofi, na ya yule kijana tajiri asiyejua anachotaka. Matukio ya hospitali ndiyo yaliyomkera. "Tazama, hajanawa," alikuwa anasema. "Tazama, anachoma sindano juu ya nguo. Mgonjwa amezimia na amepakwa rangi mdomoni." Baada ya kuwatukana madaktari wale wote, alitutafsiria walichosema, na mara nyingi walichosema kilikuwa chema. Mgonjwa ana nafuu. Uvimbe si ule mbaya.

Mvua kubwa ikinyesha, picha ilikuwa inakatika vipande vya mraba, halafu kioo kinabaki cheusi na maandishi. Nesi aliendelea kutafsiri. "Sasa yule binti anamwambia baba yake ukweli," alikuwa anasema, macho kwenye kioo cheusi, na sisi tulisikiliza huku mabati yakinguruma. Hakuna aliyeuliza amejuaje. Leo nikikumbuka nacheka. Wakati ule tuliona ni jambo la kawaida, Nesi anajua.

Katika tamthilia ile kulikuwa na msichana mwenye ugonjwa wa moyo. Wote tulimpenda, Mama Mbonea kupita wote. Alimtaja katika sala zake. Siku ya operesheni sebule ilijaa mpaka varandani. Tukaona madaktari wametoka, mmoja amevua barakoa, mama wa yule msichana ameanguka magoti. Nesi akachelewa kutafsiri kuliko kawaida.

"Wanasema imekwenda vizuri," akasema. "Mama yake amepiga magoti kushukuru."

Tukapiga makofi. Kesho yake watu wa ile familia walikuwa wamevaa nguo nyeusi makaburini. Nesi akasema wanamzika shangazi yao mmoja, mzee, alikuwa mgonjwa muda mrefu. Na msichana? Amepelekwa ng'ambo kusoma. Tukaridhika. Mama Mbonea akasema shangazi mwenyewe hatukuwahi kumwona, na Nesi akajibu kwamba familia kubwa haziishi kuonekana.

Mwisho wa wiki Mbonea akampigia mama yake. Nilikuwapo, tulikuwa tunachambua maharage uwanjani kwake.

"Mama, mliona yule binti alivyokufa? Huku madereva wazima walilia."

"Nani amekufa?"

"Yule wa moyo."

"Mbonea, umekunywa. Yule amekwenda masomoni."

Wakabishana mpaka salio likaisha. Mama Mbonea alikaa na simu mapajani, akatazama upande wa kwa Nesi. Halafu akainuka na ungo wake, nami nikamfuata.

Nesi alikuwa anaanua nguo. Mama Mbonea akamwuliza moja kwa moja yule binti yuko wapi.

"Amekufa," Nesi akasema. "Siku ileile ya operesheni."

"Na wewe ulituambia amepona."

"Ndiyo."

"Na yule mtoto aliyepotea wa mama kipofu, uliyesema amerudi?"

"Hakurudi. Mimi nilimrudisha."

Mama Mbonea hakuamini masikio yake. "Nesi, wewe. Wewe uliyemwambia mume wangu pale kitandani kwamba hataiona Jumapili."

Nesi akakunja shuka, akaliweka kwenye beseni. "Mume wako alikuwa mtu. Wale wametungwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Na mimi nimekaa kwenye kiti. Miaka yangu yote ya wodi sikuweza kumbadilishia mgonjwa hata mmoja. Hawa naweza. Wanamuumiza nani?"

"Mimi nimemwombea safari njema," Mama Mbonea akasema. "Nimemwombea marehemu asome vizuri." Akaanza kulia, halafu katikati ya kulia akacheka, halafu akaondoka amekasirika.

"Habari sijawahi kubadili," Nesi akasema kwa nyuma yake. "Hata siku moja."

Maneno hayo hayakumfikia mtu ila mimi. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua. Wengine walikasirika, wengi walicheka, lakini wote waliendelea kuja. Ila sasa kila akitafsiri, mtu angeuliza kutoka nyuma, "Hiyo ni ya kwao au ya kwako, Nesi?" Ikawa msemo. Mtu akileta taarifa nzuri kutoka ofisi ya kata, kwamba barabara itachongwa, tunamwuliza, hiyo ya kwao au ya Nesi? Niliona inamchoma Nesi. Alikuwa amejijengea jina la kusema kweli kwa maisha yake yote, na likabomoka kwa ajili ya msichana wa kwenye runinga.

Halafu ikaja siku ile. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, watu wachache tu. Nesi alikuwa amefungua kituo cha habari cha nje, cha Kiingereza, alikipenda kwa sababu alisema kinamkumbusha masista. Ikaonyeshwa barabara ya vumbi, malori yanawaka, turubai zimeng'ang'ania chuma kama ngozi iliyoungua. Nesi akasimama. Sikuwahi kumwona akitazama runinga amesimama.

"Wanasema nini?" Mama Mbonea akauliza.

"Ni Kongo. Watu wenye silaha wamevamia msafara wa malori usiku, wameyachoma. Wamekufa madereva. Wanasema wamo Watanzania."

Mama Mbonea akatabasamu, nusu. "Ya kwao au ya kwako?"

Nesi akamgeukia. "Habari sibadili."

Kwenye kioo kilikuwa kimeshakuja kitu kingine, watu wenye suti wakipeana mikono. Mama Mbonea akainuka polepole, ameshika ukingo wa kiti, akamwambia Nesi kwa sauti ya chini kabisa, "Basi hii ibadili."

Nesi akafungua mdomo. Naapa niliona anajaribu. Kisha akasema, "Siwezi."

Simu ya Mbonea haikupatikana mchana ule wala jioni. Namba ya tajiri wake iliita bila kupokelewa. Mama Mbonea alikwenda kulala kwa dada yake, hakutaka Nesi amkaribie, kana kwamba yeye ndiye aliyeyachoma yale malori kwa mdomo wake. Alfajiri Nesi alinigongea dirisha. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na amebeba mkoba.

"Mama Neema, twende Hedaru."

"Hedaru kuna nini, Nesi?"

"Kuna madereva."

Tulishuka na gari la asubuhi mpaka Same, tukachukua basi la kwenda Hedaru. Pale magari makubwa huegesha, madereva wakila na kunyoosha migongo. Ni kweli wengi wao ni wa njia ya Arusha na Dar, wa Zambia si wengi, lakini Nesi alisema madereva ni kama manesi, ukimjua mmoja umewafikia wote. Tuliingia kwenye hoteli moja kando ya barabara. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, Nesi akamsalimu, akamweleza. Mzee akatupa meza karibu na mlango na chai ambayo hakutaka tuilipe, akasema, "Kaa hapa. Kila anayeingia atapita mbele yako."

Nesi akawa anainuka kwa kila dereva. "Mimi ni nesi mstaafu kutoka Mbaga. Namtafuta kijana wetu, Mbonea, anaendesha njia ya Kongo." Wengine walikuwa wamesikia juu ya malori, wakatikisa kichwa. Wengine walikuwa na haraka. Mchana ulipokolea akaingia dereva mmoja mwenye tumbo, amejifunga taulo shingoni, ambaye zamani aliwahi kukaa njia hiyo na bado alikuwa kwenye kundi la simu la wenzake. Akaandika. Akatuma na sauti. Akaagiza wali, akala, akasema atangoja kidogo, utingo wake anabadilisha tairi. Nadhani tairi lilikuwa zima.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, wa mtu aliyekuwa kwenye msafara uleule. Alisema Mbonea alitoka kwenye lori likiwa linawaka. Alirudi kumvuta utingo wake, ndipo akaungua. Utingo hakupona. Mbonea wamemvusha mpaka upande wa Zambia, yuko hospitali, simu yake iliteketea.

Mimi nilimshika Nesi nikaanza kulia. Yeye alikuwa anamwambia yule dereva, "Mpigie. Mwulize ameungua wapi." Wakampigia. Nesi akaichukua simu, akauliza maswali kama yuko zamu. Mikono? Yote? Mpaka wapi? Vidole vinakunjika? Ngozi ni nyeupe au nyekundu? Akasikiliza, akafumba macho.

Nilitaka nimpigie Mama Mbonea mara moja. Nesi akanizuia. "Mimi hatanisadiki, na wewe atadhani nimekufundisha la kusema." Akamwomba yule dereva aunganishe mstari, yule mtu wa Zambia aongee na mama mwenyewe. Mama Mbonea alipopokea, Nesi alisema maneno machache tu. "Mama Mbonea, mimi sisemi kitu. Msikilize huyu, alikuwapo." Akairudisha simu mezani, akakaa mikono mapajani.

Tulisikia kilio cha Mama Mbonea kutoka kwenye kile kisimu, hoteli nzima ilisikia, na mzee mwenye hoteli akasema alhamdulilahi.

Ningekuwa mimi ningeishia hapo. Lakini tuliporudi jioni, Mama Mbonea alikuwa amesimama njiani anatungoja, akamkumbatia Nesi, akamwambia Mungu ni mwema, mwanangu mzima. Nesi akamwacha amalize.

"Yu hai," akasema. "Lakini si mzima. Mikono ile haitashika usukani tena."

Mama Mbonea akarudi nyuma hatua moja. "Usiku mmoja, Nesi. Hukuweza kuniachia usiku mmoja?"

Nesi alikwenda kwake, akafunga mlango, na mimi nilibaki na Mama Mbonea pale njiani. Nilimkasirikia Nesi siku ile, na sijui kama nimeacha kumkasirikia.

Kwa muda Mama Mbonea hakukanyaga ile sebule. Kilichomrudisha ni Mbonea mwenyewe kumpigia, kwa simu aliyoazimwa na mgonjwa mwenzake. Alisema wodini kuna runinga, imetundikwa juu, na jioni wanawawekea tamthilia. Siku hiyo Mama Mbonea alikuja mapema kuliko watu wote, akaketi karibu na dirisha. Nesi alipofungua mdomo kutafsiri, akamwambia, "Leo usiseme kitu, dada." Tukatazama tamthilia nzima bila kuelewa neno. Nesi aliketi kwenye kiti chake, rimoti mfukoni.

Mbonea alirudi nyumbani akiwa amekonda, mikono imefungwa mpaka viwiko. Aliyemhudumia ni Nesi, kila asubuhi. Alimfungua bendeji, akamwosha, kisha akaanza kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja, na Mbonea, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa anapiga kelele mpaka kwetu inasikika. Alimtukana kwa Chasu, kwa Kiswahili na kwa lugha alizookota safarini. Nesi alisema tu, "Tena." Mama Mbonea alikuwa anakimbilia shambani saa hizo asisikie. Baada ya muda mrefu Mbonea aliweza kushika kikombe, kisha jembe dogo, na sasa analima tangawizi kwa mikono iliyong'aa kama imepakwa mafuta. Usukani hakushika tena.

Kwa kuwa Mbonea naye alijua Kiingereza, alichojifunzia Zambia, wanawake wakaona sasa wamepata mtafsiri wa kuaminika. Mbonea aliwatafsiria kwa uaminifu wote. Alisema, "Anasema hapana." Alisema, "Anamwambia atoke nje." Mwigizaji anaongea maneno marefu huku analia, Mbonea anasema, "Amekasirika." Hawakumaliza wiki naye. Bibi mmoja akasema, "Nesi, tusaidie. Huyu anatusomea kama risiti." Nesi akawauliza wanataka ya kwao au ya kwake. Wakatazamana. Mama Mbonea ndiye aliyejibu, akasema ya kwao, ila kwa sauti zako. Ndivyo ikawa, na nakiri kuna siku nilimsikia akichanganya kidogo, na hakuna aliyeuliza.

Baadaye zikaja tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na nyumba nyingine zikapata madishi, yote yamelala nyuma yakitazama mahali pamoja juu ya vichwa vyetu. Sebule ya Nesi ikapungua watu. Hakulalamika. Alisema afadhali, zulia litapumzika.

Mwaka jana alianza kukonda. Hakwenda hospitali mapema, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine kwalo. Wanawe wakamchukua Dar, akakaa huko, akarudi. Nilikwenda kumwona siku ya pili. Nilimkuta kitandani chumba cha mbele, mlango wa sebuleni umeachwa wazi, runinga imezimwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Wamesemaje, Nesi?"

"Ini," akasema. "Limekwisha kazi. Wamenipa dawa za maumivu, za kutosha. Sitaiona mvua ya masika." Alisema kama anavyosema mshono ulishonwa kwa haraka. Akaniomba nimgeuze upande wa ukuta, kisha akaona haufai, akaniomba nimrudishe. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Kwa siku kadhaa, mkwewe aliyekuja naye kutoka Dar aliniambia, alikuwa hamezi kitu isipokuwa maji.

Mama Mbonea akaingia na bakuli la uji, amelifunika kwa sahani. Naye alikuwa amezeeka, miguu imevimba, alikuwa amepanda ule mtelemko kwa kupumzika mara nyingi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakoroga uji, akaupuliza.

"Haya, dada. Daktari amesemaje?"

Nilishusha macho nikitazama vidole vyangu.

"Amesema nikila vizuri nitapona," Nesi akasema.

Mama Mbonea aliendelea kukoroga. Aliutazama ule uso mkavu, akautazama vizuri, mtu aliyekaa naye miaka yote ile. Nilimwona amejua.

"Basi kula," akasema, akainua kijiko.

Nesi akafungua mdomo.